Mama Ukutani mwa Bwalo

Kibutzi, 3 Machi 1966

Dada Freide,

Hujambo? Goti linaendeleaje na ngazi za Haifa? Mimi mzima, ila nimechoka. Siku tano nakamua ng'ombe wa kibutzi, shamba letu hili la ujamaa, ya sita wananipa ya kuchora, na hiyo nasinzia. Mwaka jana baada ya maonyesho yangu Tel Aviv nilishuka basi nikaenda moja kwa moja zizini.

Sasa vijana wanataka kuta zote za bwalo zipakwe chokaa, pamoja na ule nilipomchora Mama. Rafaela wa jikoni kanitania mbele ya watu: "Anshel, bibi yako huyu ananitazama kila nikila supu, nashindwa kuongeza!" Nikacheka nao.

Mkutano mkuu utapiga kura. Miaka kumi na minane hujaja kumwona hapo ukutani, kwa hiyo nakutumia picha ya mchoro huo. Ukisema ndiye, nitasimama nimtetee. Peke yangu sijiamini tena.

Mdogo wako,
Anshel

Haifa, 20 Machi

Anshel,

Salamu zimefika. Goti ni lile lile.

Huyo si Mama. Mama gani anacheka hivyo, meno yote nje? Ulipopanda treni kuja huku alikuwa hacheki. Mimi ndiye niliyemshika mkono, wewe hata hukugeuka. Mimi ndiye niliyemzika wakati wa vita. Picha nimeichana.

Wapake chokaa yao.

Dada yako,
Freide

Haifa, 2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

U mzima? Kimya chako kinanitisha, silali.

Nilikudanganya. Ndiye. Alicheka hivyo na wewe tu, ukimwigizia muuza samaki, nami nasimama mlangoni na wivu wangu. Uso niliouzika ulikuwa mifupa mitupu kwa njaa, nikabaki na huo. Wewe ukanitumia ule mwingine, nikakasirika.

Nakuja Alhamisi ya wiki ijayo kwa basi la saa nne. Waambie wasiuguse.

Dada yako,
Freide

Kibutzi, 4 Mei

Dada,

Pole na kukosa usingizi. Nimefurahi unakuja.

Mwezi uliopita kura zilikuwa thelathini na nane kwa thelathini na nane. Nilikuwa sijapiga yangu. Nikanyoosha mkono upande wa chokaa. Kisha zamu za kupaka zikabandikwa ubaoni, na jina lililoandikwa ni langu. Nani mwingine hapa anajua brashi?

Nilianza na gauni, uso nikauacha mwisho. Rafaela alikuwa akinishikia ngazi.

"Kwani alikuwa nani huyu bibi?" akaniuliza.

"Mama yangu."

Akaiachia ngazi, nusura nianguke. "Mzee mjinga wewe! Mbona hukusema mkutanoni? Nani angenyoosha mkono?"

Nikachovya brashi, nikamalizia uso. Barua yako ya Machi ilikuwa mfukoni mwangu.

Njoo Alhamisi hiyo. Nitakuwa kituoni.

Mdogo wako,
Anshel