Ukuta wa Mama Zawadi

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Watoto wameamkaje huko Bukavu? Huku Goma moyo wangu hautulii. Jana mimi na wenzangu wa kazi ya kuhifadhi majengo ya kale tulipima nyumba ya zamani anamokaa mama Zawadi, mjane. Moto wa volkano uliishia barazani pake, na sasa amepanda maharagwe katikati ya yale mawe meusi. Tunaomba serikali iitambue kuwa urithi, isibomolewe. Lakini huku, mutu akipima parsele yako, kiwanja chako, anataka kukuondoa. Leo tumekuta ukuta wa mbele, ule mzuri kuliko zote, mama Zawadi ameuandika kwa rangi nyekundu: HII NYUMBA HAIUZISHWI.

"Sasa piga picha," akaniambia.

Nimepiga. Ila vipimo nimeshavituma serikalini, na sijui viko mezani kwa nani. Utuombee, yaya, mimi na yeye.

Mudogo wako,
Neema