Kiti cha Carmen

Bujumbura, 8 Septemba 2002

Yaya wangu Scholastique,

Jambo, na jambo kwa Mama. Mguu wake unamruhusu kufika kanisani, au bado anasalia nyumbani? Mimi ni mzima. Usiku mabomu yanalia upande wa vilima, asubuhi tunajifunga mikanda na kwenda kazini. Barua hii inaletwa na Birindwa, yule muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, anayevuka mpaka wa Gatumba kila juma.

Yaya, dada yangu mkubwa, roho inaniuma. Unajua tangu Umuco-Net ifungue milango, ni mimi ninayepanda juu ya paa kuelekeza antena ya internet. Sasa kampuni inazama na mkubwa wetu, Patron Ildephonse, haoni. Betri za mitambo zimekufa, wateja wanatukimbia, yeye amenunua bango la taa lenye jina la kampuni, refu kama basi. Kila Jumatatu anatuita mkutanoni, anaongea peke yake mpaka saa sita, kisha anauliza kwa nini kazi haijafanyika.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kwenda kusoma Nairobi, na ofisi nzima ilijua ni yangu. Amepelekwa Carmen, msichana wa Kinanira, mtaa wa wenye pesa, aliyetukuta kazini. Amerudi na blauzi mpya na cheo cha mkuu wa mafundi. Amepewa meza karibu na dirisha na kiti kinachozunguka. Akinisalimu najibu, lakini sauti inatoka kama ya mtu mwenye jino bovu.

Mdogo wako,
Amélie


Uvira, 19 Septemba 2002

Mdogo wangu Amélie,

Nimepata barua. Huku tuko wazima, Mungu asifiwe. Mama anafika kanisani, ila anarudi na manung'uniko juu ya benchi.

Mi nitakuambia bila kuzunguka. We unalia juu ya Nairobi. Mi sijalala hata usiku moja nje ya Uvira, isipokuwa tulipokimbia vita. Baba aliposema mutoto moja tu ndiye atasoma, alikuchagua we, na mi nikabeba mawese sokoni. Nilikuona unapita na viatu vyeupe vya shule. Nilikuangalia mpaka ukapinda kona. Hiyo blauzi ya Carmen unayoiona we, mi niliiona zamani.

Sisemi hivyo ili ulie zaidi. Nasema ujue kwamba wivu ni ugonjwa wa kuishi nao, mutu hafi. Kula vizuri. Huyo Patron, mwache aangalie bango lake.

Yaya wako,
Scholastique


Bujumbura, 9 Oktoba 2002

Yaya Scholastique,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa mmeketi vizuri. Maneno yako ya viatu vyeupe niliyasoma nikakunja karatasi, nikaifungua tena siku ya pili. Naomba usinichoke, maana leo nahitaji shauri lako.

Juma lililopita mvua ya kwanza ilikuja na radi. Ikapiga antena, ikashuka mpaka kwenye mitambo. Kila kitu kimeungua. Hakukuwa na waya wa kuipeleka radi ardhini. Mimi nilimwambia Patron mara mbili, hata macho hakuinua. Carmen alipomwambia nilikuwapo. Alikataa pia, lakini kwanza aliweka kikombe chini, akamsikiliza mpaka mwisho. Yaya, utanicheka: nilimwonea wivu hata kwa kukataliwa vizuri.

Sasa Patron anasema kosa ni la Carmen, mkuu wa mafundi. Wenye kampuni, waliomwajiri Patron, watakutana tarehe 21. Ameniita ofisini kwake, amefunga mlango, ameniambia niseme mbele yao kwamba Carmen hakuwahi kutoa onyo. Akifukuzwa, kiti ni changu. Kampuni ikipata mitambo mipya, Nairobi pia ni yangu.

Nimekitamani kile kiti mpaka nimekiota. Niambie nifanye nini. Jibu upesi.

Mdogo wako,
Amélie


Uvira, 12 Oktoba 2002

Mdogo wangu,

Mama anakusalimia, mi pia. Nakuandikia mbio.

Kubali. Huyo Carmen ana wazazi Kinanira, hatakosa pa kulala. We una nani? Watu kama yeye vitu vinawafuata wenyewe, acha moja kiwapotee. Mi sikubeba mitungi ya mawese ili we uwe mwema mbele ya watu wa Kinanira. Chukua kiti, ukae.

Barua nampa Birindwa kesho. Huku watu wanaongea vibaya, wanasema vita vinarudi mjini.

Yaya wako,
Scholastique


Bujumbura, 10 Novemba 2002

Yaya wangu Scholastique,

Uko hai. Tangu risasi zilipoanza Uvira na barabara ikafungwa, nilikuwa naenda Gatumba kuuliza kila aliyevuka, na hakuna aliyekuwa amewaona. Jana Birindwa ametokea, amekonda, na barua yako ya mwezi uliopita mfukoni. Amesema nyumba imesimama na Mama anakula. Nilikaa chini palepale nikalia. Ndipo nikasoma.

Umechelewa, Yaya. Mkutano ulikwishapita.

Walikuwa wanaume wanne na Patron. Carmen aliketi peke yake upande mmoja wa meza, amevaa ile blauzi ya Nairobi, na mimi bado niliichukia. Patron akaongea kama saa nzima juu ya uaminifu. Halafu akanigeukia, akasema, "Amélie, waeleze. Huyu aliwahi kunionya?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Neno hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani. Lakini alipotamka jina langu nilikumbuka kwamba ni mara ya kwanza kuniuliza kitu na kungoja jibu. Nikasema, "Alikuonya mbele yangu. Mimi pia nilikuonya, mara mbili, hukunitazama. Ulisema waya ungoje, bango kwanza."

Mzee mmoja alimwuliza Patron lile bango liligharimu nini, na hapo wakaanza kugombana wao kwa wao kama sisi hatupo. Siku nne baadaye walifunga kampuni. Patron alituita, akatuambia sisi ndio tuliomwangusha, akaondoka na gari.

Usinione mwema. Sikumwokoa Carmen kwa kumpenda. Na angalia malipo ya ukweli wangu: paroko wa hapa Kamenge amepata kompyuta sita, anataka vijana wa mtaa wafundishwe. Amemwita nani? Carmen, kwa sababu ya cheti cha Nairobi. Mimi ninakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani, na ananiona kila Jumapili.

Jumanne Carmen alikuja kwangu. Ilibidi aketi kitandani, kiti sina. Akasema amemwambia paroko hataanza bila mimi. Akasema, "Wewe unaeleza mtu anaelewa. Mimi nikieleza wanalala." Nikamwambia nitafikiria. Sijui kama ananihurumia, na kama ananihurumia sitaki. Usiku roho inaniuma kuliko kabla sijasema ukweli. Je, ningefuata shauri lako ningelala vizuri?

Mdogo wako,
Amélie


Uvira, 24 Novemba 2002

Mdogo wangu Amélie,

Tuko wazima. Siku za risasi tulilala chini ya kitanda, mi na Mama, na Mama alikuwa anasema nimenenepa namsukuma. Sasa soko limefunguliwa.

Barua yako ilinikasirisha. Nilimwambia Mama kwamba tumesomesha mupumbavu. Kiti kilikuwa mbele yako na ukakisukuma na mguu. Mama akaniuliza, "We ungesema nini mbele ya wale wanaume?" Nikaondoka kwenda kuteka maji.

Unauliza kama ungelala vizuri. Sijui. Kiti chenyewe kisingepita siku nne, hilo nalijua.

Sasa sikiliza. Mwambie Carmen ndiyo. Mwonee wivu ukiwa kazini, si ukiwa kitandani. Kama anakuhurumia, mwache ahurumie. Utamfundisha kitu asichojua, atanyamaza.

Na kitu kingine. Barabara iko wazi. Nimeongea na Birindwa, Jumamosi ijayo navuka naye. Mama atabaki na jirani. Usininunulie chochote, sitaki kitenge wala nyama. Nataka kabla hao vijana hawajaingia, unifungulie mlango wa hicho chumba cha kompyuta, uniketishe mbele ya mashine moja, uniambie kidole cha kwanza kinawekwa wapi. Mi niliishia darasa la nne, unajua. Nitakuwa mwanafunzi wako wa kwanza, na sitaki Carmen aniangalie mpaka niwe nimejua kuandika jina langu kwa mashine.

Ila siku hiyo usivae viatu vyeupe.

Yaya wako,
Scholastique