Kigingi cha Tatu

Jumatatu, 9 Novemba 1998
Nimepima vigingi vyote vinne. Upepo mkali, sketi imelowa hadi magotini. Mradi ulimwaga mchanga kwenye ufuko wetu huu wa Rukwa wakati wa kiangazi, ukachomeka vigingi vyenye pete nyekundu. Kazi yangu ni kuhesabu pete zinazoonekana. Zikiongezeka, ziwa linakula mchanga. Leo zimeongezeka kwenye vyote.

Cha tatu ndicho kinachoniuma. Nyuma yake kidogo amelala kaburini binti yangu Kabula. Malaria. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujifunga kanga mwenyewe.

Nimelia njia nzima. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mtama. Akaniangalia hadi nikaingia ndani.

Jumatatu, 16 Novemba
Mvua ya kwanza. Pete nyingine zimejitokeza.

Mtaalamu wa mradi amekuja na pikipiki. Mchanga ukikaa hadi Krismasi wataleta mawe ya kuukinga. Usipokaa wanafunga mradi, na kitongoji chote kinahamia Ndalambo, huko juu mbali na ziwa. Masanja, mume wangu, hakuficha furaha. Ng'ombe watapata majani. Anaiongelea Ndalambo kama mtu anayeongelea harusi. Nikamwambia basi waende ng'ombe. Tumenuniana.

Tangu tuzike sijamwona amesimama pale kaburini hata mara moja. Sijui kama hana uchungu au anao mwingi.

Jumatatu, 23 Novemba
Kigingi cha tatu, pete zimepungua. Nilidhani ni matope, nikafuta kwa kanga, nikahesabu upya. Mchanga umerudi. Vile vingine vinazidi kuliwa, ila hiki kimepata. Nilipiga magoti palepale majini.

Nimemwambia mama mkwe. "Mungu mwema, mayu," akasema, ndivyo anavyoniita, yaani mama kwa Kisukuma chao, akaendelea na ungo wake.

Nimepika perege nikiimba. Masanja akanitania kwamba sisi Wanyamwanga tukiimba mvua inakimbia. Tumecheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatatu, 30 Novemba
Cha tatu kimepata tena. Mtaalamu amekuja kujionea, akakuna kichwa. Labda mkondo wa maji umegeuka, anasema. Mawe yataanzia hapo, baada ya sikukuu.

Majirani wananipongeza kana kwamba mchanga nimeuzaa mimi. Masanja hazungumzii tena kuhama. Amekuwa kimya mno. Sijali. Mwanangu anabaki mahali pake.

Alhamisi, 3 Desemba
Nimejua.

Alfajiri nilishuka ufukoni kutafuta ndama. Nikamkuta mama mkwe amejitwika beseni la mchanga kutoka kule nyuma ya matete. Akaumwaga kwenye kigingi cha tatu, akaushindilia kwa mguu, akafagia nyayo zake kwa tawi. Na mgongo wake ule mbovu.

Aliponiona hakushtuka. "Ulikuwa unarudi macho yamevimba," akasema. "Nikaona kale kajiti ndiko kanakuliza. Nikasema nikafunike."

Hasira ilinipanda. Kisha nikamtua beseni. Tukakaa chini tukalia, yeye kwa Kisukuma, mimi kwa Kinyamwanga.

Baadaye nilizunguka nyuma ya kaburi, upande usioonekana ukisimama kwenye vigingi. Maji yamezunguka kupitia matete, na ukingo umeliwa kwa chini. Mvua mbili tatu kubwa, basi, utaporomoka na kaburi. Wiki zote hizi nimekodolea macho pete.

Ijumaa, 4 Desemba
Nikikaa kimya, mawe yanakuja na hakuna anayehama. Lakini yatakuja baada ya sikukuu, na maji hayasubiri. Yatakuta Kabula ameshakwenda na maji. Tukihama sasa, angalau tunaweza kumbeba.

Nimemwambia mtaalamu kwamba mchanga wa cha tatu umewekwa kwa mkono. Wa nani, sikusema. Akasema, "Pole, dada." Mradi umefungwa. Jirani yangu wa karibu alinipita kisimani bila salamu. Ana haki yake.

Jioni nikamkabili Masanja. Nikamwambia siendi Ndalambo nikamwacha mtoto aliwe na ziwa. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Akaniuliza, "Nani kakwambia tutamwacha?" Kumbe tangu mvua ya kwanza alikwenda kwa mwenyekiti kuomba kibali cha kuhamisha kaburi. Kila siku hupita pale na ng'ombe, upande wa nyuma. Aliuona ukingo kabla yangu. Akaogopa kunieleza, na pete zilipopungua akaogopa zaidi kunikatisha furaha.

Nimekasirika. Nimemshika mkono pia.

Jumapili, 13 Desemba
Ndalambo. Kabula amekuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwenye shuka jipya. Furushi dogo sana. Masanja alitembea mbele na hakumwachia mtu yeyote kamba. Mama mkwe tulimpakia pembeni ya furushi kwa sababu ya mgongo, akaliwekea mkono hadi tulipofika.

Mchungaji aliomba kwa kifupi. Tulipomzika mara ya kwanza, wanawake walinishika huku na huku. Safari hii nimesimama mwenyewe. Wakati wanafukia, Masanja alilia kwa sauti, mimi nikamshika.

Tumekula. Mama mkwe amelala. Kesho ni Jumatatu na sina cha kupima. Nilipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba nikatazama bondeni muda mrefu. Kutoka hapa ziwa halionekani.