Mstari wa Tatu Kwenye Mzinga

S.L.P. 47,
Gachoka.
9 Machi 2025.

Mpendwa dada Gladys,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Mama hajambo, ila goti lake bado linamsumbua, na sote tunatazama mawingu tukingoja mvua. Wewe je? Baridi ya Kanada imekuachilia? Namwomba Mungu akuzidishie uzima.

Kamera uliyotuma ilifika salama. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa Nyamu, yule mpiga picha za harusi kutoka Embu mjini, apande mti kule Kiambere akapige picha ya alama ya mzinga. Sisi tunasema ni mzinga wa Baba, Ndambiri anasema ni wa babake, baba mdogo Gatakaa. Unakumbuka Baba alichonga mistari miwili kwenye magogo ya mizinga yake, na Gatakaa mitatu.

Yule Nyamu ni debe tupu. Niliomba alama, akaniletea nyuki! Jicho la nyuki linang'aa, pembeni kuna mistari miwili, halafu pale gogo linapojipinda ni ukungu mtupu. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu asiyesoma. "Auntie, hiyo blur ndio iko na class. Background haifai kuonekana." Class! Siku ya harusi yake nitaomba apigwe picha sikio moja tu.

Hata hivyo mistari miwili ilinitosha. Nilimwita Ndambiri mwizi mbele ya ukoo mzima, nawe ukampigia simu ukamwambia mabaya zaidi. Yeye alinijibu tu, "Wawira, wewe piga hata picha mia. Huo mzinga ni wa mzee wangu." Tangu hapo hanisalimii kanisani. Wazee walikataa picha yenye ukungu, nami nikawaona wajinga wasiojua hata kushika simu.

Basi nikajifunza mwenyewe. Wazungu wa kamera nao wana vituko: namba ikiwa kubwa, tundu la lenzi linakuwa dogo. Nani alitunga hesabu hiyo? Nilipanga punje kumi za ndengu kwenye sinia, moja nyuma ya nyingine, nikazisogelea. Kwa namba 2.8 niliona punje moja, zingine zikawa uji. Kwa 16 zikaonekana karibu zote, lakini picha ikawa giza, kwa sababu tundu dogo linaingiza mwanga kidogo. Ndipo nikapandisha ISO, ile inayoiwezesha kamera kuona gizani. Ukiizidisha, picha inajaa chengachenga kama unga wa wimbi. Siku nne tu, Gladys, na Nyamu anajiita fundi miaka sita.

Ijumaa adhuhuri, jua likiwaka, nilivaa suruali ambayo shemeji Kailemia aliiacha hapa, nikafunika uso kwa wavu, nikapanda na moshi wangu. Sikuona kitu kwa nyuki na machozi. Nilibonyeza tu, nikashuka mbio, nikaenda kutazama nyumbani nikiwa na furaha ya mshindi.

Ilitoka safi. Gogo lote linaonekana, hata pale linapojipinda. Na pale pale, ndani ya ukungu wa Nyamu, kuna mstari wa tatu.

Nimeitazama tangu Ijumaa, nayo haibadiliki. Nyani haoni kundule. Nilimdharau kila mtu kwa kutoona, na mimi nilisimama mbele ya ukoo nikiwa na nusu ya picha. Naona aibu, dada. Leo baada ya ibada nitampelekea Ndambiri picha hii, tena mbele ya wale wale walionisikia. Nawe mpigie simu. Usitume ujumbe, piga.

Nisalimie shemeji Kailemia na mtoto wetu Karwirwa. Mama anawabariki nyote, anasema mle mshibe na msisahau kusali.

Ile chupa ya asali niliyokutumia Desemba ilitoka kwenye mzinga huo. Kama imebaki, uile tu, lakini ujue wezi tulikuwa sisi.

Mdogo wako akupendaye,
Wawira.