Magurudumu ya Mwende na Kamati ya Mpira

Shauri Moyo, Nairobi

Mama Mutisya, mke wangu,

Nina miaka sabini na mbili. Nimemwona mkoloni akitawala na nimemwona akifunga mizigo. Njaa zilizomaliza ng'ombe wa baba zilipita, mimi nikabaki. Mafundi wote walionifundisha kushika tezo wamezikwa. Na binti yetu Ndunge nilimzika mimi, jambo ambalo baba hapaswi kuliona. Mtu aliyepitia hayo yote hatishwi na kamati ya mpira wa miguu, na wala hatishwi na mdomo wa mpwa wako Kioko.

Kwanza goti lako likoje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma, unaitumia au umempa dada yako? Mbaazi zimetoa maua? Mimi ni mzima, kifua tu ndicho kinanisumbua asubuhi kwa ajili ya vumbi la mbao, lakini vijana wa karakana bado hawanifikii kwa kazi. Mwende ni mzima, anakula, amerefuka. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mtu, na huyo katekista anayekusomea mwambie asipunguze sauti mahali nilipokasirika.

Maana nimekasirika. Nimesikia Kioko alipeleka lori huko akakaa kwako akanywa uji wako na kukwambia kwamba mimi nimemharibia mtoto mashindano kwa sababu ya majivuno. Kioko alikuwa mlangoni mwa ukumbi akitafuna muwa! Aliona nini? Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Unajua Mwende alipokuja kwangu baada ya mazishi ya Ndunge mama yake alikuwa hasemi. Nikimuuliza umekula, ananitazama tu. Ndipo Mwalimu Wanjiru, yule wa sayansi, mwanamke mfupi anayekaa Kware, akamwingiza katika klabu yao ya mitambo. Wanatengeneza vigari vinavyokwenda kwa betri, wao wanaviita roboti. Cha Mwende ni kisanduku cha mbao nyembamba, ndani ana mota alizozitoa katika redio za kaseti zilizokufa, alizitafuta mwenyewe Gikomba kwa wauza vyuma. Kina mkono mbele. Unashika swichi mwisho wa waya, kinachukua kopo la maharagwe upande huu wa meza, kinalipeleka upande ule na kuliweka ndani ya beseni bila kumwaga. Nimekiona kwa macho yangu. Na tangu aanze kazi hiyo msichana anaongea, Mama Mutisya. Anaongea mpaka namwambia aninyamazie nilale. Kwa hiyo usifikiri ni mchezo wa watoto ninaokueleza.

Zamani mashindano hayo yalikuwa ya walimu wenyewe kwa wenyewe, mshindi anapewa ramani ya dunia anakwenda nyumbani. Mwaka huu yametiwa katika michezo rasmi ya shule, pamoja na mpira na netiboli. Tukafurahi. Kumbe kamati imechukua sheria za mpira na kuzivisha kigari! Wakatuita katika ukumbi, kila shule na mtambo wake, ili kuchuja nani anastahili na nani hastahili.

Katibu wao, kijana wa miwani, akasoma: "Mchezaji aliyehama shule atakaa nje mwaka mzima." Akamwita Mwende jina lake lote mbele ya watu. "Huyu alihamia hapa mwaka huu. Hastahili."

Nikasimama. "Mchezaji? Huyu anacheza namba ngapi?"

Vijana wa nyuma wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Mzae, kaa chini, refa hajapuliza!"

"Nitakaa chini wewe ukishaota adabu," nikamwambia.

Mwenyekiti, ambaye miaka yote alikuwa kocha na bado ana filimbi shingoni hata akikaa mezani, akasema, "Mzee wangu, mpira umetufundisha. Shule zinaibiana watoto. Mwaka jana tulikuta mshambulizi wa kidato cha pili ana mke."

"Na huyu wetu ana mume?"

Hata yule katibu wa miwani alicheka. Mwende hakucheka. Alikuwa ameshika kisanduku chake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na midomo yake ilikuwa imeanza kufungana vile ilivyokuwa siku zile za kwanza. Nikaogopa. Nakwambia wewe tu, niliogopa.

Mwalimu Wanjiru akainuka. Hana sauti kubwa. Akasema, "Mwenyekiti, huyu hatukumwiba. Mama yake alifariki akaletwa kwa babu yake. Sheria yenu ni ya wezi. Mwizi hapa ni nani?"

Mwenyekiti akashika filimbi yake, akaiachia. Akasema, "Huyo aandikwe. Ataingia."

Sasa hapo ndipo Kioko anapoanzia hadithi yake. Mwenyekiti alishuka akaja kwenye kisanduku, akazungusha gurudumu moja kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, halikutaka kusimama. Akasema, "Magurudumu safi sana. Yamenunuliwa duka gani?"

Mama Mutisya, wewe unanijua. Mimi niliyechonga twiga akashindwa kupita katika mlango wa kanisa! Mtu aniulize duka? Nikamwambia, "Duka ni mkono huu. Hiyo ni mbao ya muhugu, nimeichonga mimi Muasya, na katika Nairobi hii hakuna mtoto wala mtu mzima atakayekuchongea gurudumu kama hilo."

Nikasikia Mwende akisema polepole, "Babu."

Katibu alikuwa ameshapata ukurasa. "Mtambo uwe kazi ya mikono ya wanafunzi wenyewe. Mkono wa mtu mzima ukiingia, mtambo unatoka."

Hapo moto ukawaka. Niliwaambia hawajui kazi. Kwetu karakanani Majengo twiga mmoja anapita mikono ya watu wanne. Kuna anayepasua gogo, kuna anayetoa shingo na miguu, akina mama wanapiga msasa, mwingine anapaka dawa ya viatu mpaka anang'aa. Huyo twiga ni wa nani? Ni wa aliyemtoa ndani ya gogo kwa akili yake, sisi wengine tumemsaidia kusimama. Kigari kimetoka katika kichwa cha Mwende. Mimi nimekipa viatu tu!

Mwenyekiti akasema, "Mzee, hapa hatuuzi twiga."

Vijana wakaanguka kwa kicheko. Lakini sikunyamaza, kwa maana nilikuwa nimeona jambo. Shule iliyokaa kando yetu, ile ya watoto wanaoletwa kwa magari, mtambo wao ulikuwa na magurudumu ya mpira mweusi kutoka ng'ambo. Nikauliza, "Na hayo yamechongwa na wanafunzi?" Katibu akajibu bila aibu, "Hayo ni vifaa vilivyonunuliwa. Vifaa vinaruhusiwa." Umesikia? Cha dukani ni kifaa, cha babu ni udanganyifu! Mtu asiye na duka ana babu. Wakimwondolea babu, atabaki na nini? Hilo swali niliwauliza na mpaka leo hawajanijibu, na Kioko hakukwambia kwamba niliuliza.

Wakaamua magurudumu yangu yatolewe, Mwende achonge yake kabla ya siku ya mashindano. Kama sivyo, asije.

Njiani alikuwa mbele yangu hatua kumi, hageuki. Nilipomfikia akasema, "Babu, alikuwa ananisifu. Ungesema asante tu."

Tulipofika nyumbani akachukua tezo yangu ndogo, akakaa mlangoni na kipande cha mbao. Alikuwa anaikata kinyume na mishipa ya mti, inapasuka. Nikasema, "Geuza mbao, mishipa inakwenda huku."

"Babu, hata kuniambia ni kusaidia."

"Kamati imesema mkono, haikusema mdomo!"

"Mimi ndiye ninayesema mdomo."

Nikahamisha kigoda, nikakaa nje nikiwapa mgongo yeye na mbao. Mama Mutisya, tangu nizaliwe sijafanya kazi ngumu namna hiyo. Nasikia tezo inakwenda vibaya, nasikia kabisa kwa sikio, na nimekaa kama mzigo. Fundi Mbithi, mwenzangu wa karakanani, alipita akaniuliza kama nimefiwa. Mbao nyingi zilipasuka. Jioni moja sauti ikabadilika, nikajua ameigeuza mbao mwenyewe. Sikugeuka kutazama. Lakini nilijua.

Siku ya mashindano magurudumu yake yalikuwa mabaya. Nasema ukweli, yalikuwa mabaya, moja kubwa moja dogo. Kigari kilitembea kama fisi aliyepigwa jiwe. Lakini msichana alikuwa ameujua ule uchechemeaji wake, akawa anakirudisha kwa swichi kila kinapotoka njiani, akalifikisha kopo kwenye beseni na hakumwaga hata punje. Wale wa mpira mweusi walifika haraka zaidi, wakapewa nafasi ya kwanza. Yeye akapewa ya pili, na wa pili pia anakwenda mashindano ya mkoa. Mwenyekiti akamuuliza, "Nani amechonga haya?" Akasema "Mimi," kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwangu nyuma, na sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu mama yake alipokuwa hai.

Mimi nilitaka kukata rufaa kwa ajili ya yale magurudumu ya dukani, Mwende na mwalimu wake wakanikataza. Sijakubali. Nitaingoja kamati hiyo huko mkoani.

Msalimu dada yako, mchungaji, na kaka yako mkubwa anayechunga mbuzi wetu. Kioko usimsalimu.

Ukitaka kujua kama nimesema kweli, muulize Mwalimu Wanjiru, alikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Muulize Fundi Mbithi aliyeniona nikikaa nje kama mfiwa. Hata mwenyekiti mwenyewe, ukimpata bila filimbi, atashuhudia. Mwende ndiye shahidi mkubwa, naye ameisoma barua hii yote. Nilimwambia atie jina lake hapa chini. Amesema atatia nikifuta pale nilipoandika kwamba magurudumu yake yalikuwa mabaya. Nimekataa kufuta. Kwa hiyo utaona jina langu peke yake.

Mimi mumeo,
Muasya, baba Mutisya