Siku Halvorsen Waliporudi Ukumbi wa Wafini

Mtaa wa Emerson,
Hoquiam, Washington,
Marekani.
14 Oktoba 2018

Mpendwa binamu yangu Gayle,

Hujambo, ndugu yangu, na goti linaendeleaje tangu upasuaji? Nakuombea uwe umeanza kupanda ngazi bila kumshika mtu mkono. Sisi huku tu wazima. Mvua imeshaanza na haijui kupumzika, Cliff anakoroma kama kawaida yake, na presha yangu imetulia tangu nilipopunguza chumvi. Nasikia huko Perth mnaelekea kiangazi, basi tuonee huruma kidogo.

Picha za mjukuu nimezipata. Lile paji la uso ni la babu yetu kabisa, pole yake.

Sasa nikupe habari yenyewe. Jumamosi ya tarehe 6, mchana, mashabiki wa zamani wa bendi ya Halvorsen tulikutana kwenye ukumbi ule ule wa Wafini, walikopiga muziki mara ya kwanza mwaka 1988. Najua unacheka. Siku ile mimi na wewe tulikuwepo, na watu wote tungeenea kwenye gari moja la mizigo. Arvid Lahti aliimba huku amefumba macho, dada yake Marja akapiga gitaa la besi akiwa na koti la mvua kwa sababu paa lilikuwa linavuja, na Kippy akaipasua ngoma kwenye wimbo wa pili. Neno granji, jina la muziki ule wa magitaa yanayonguruma, hatukulijua bado. Mama yako aliuita muziki ule makelele ya watu wanaohamisha makabati.

Safari hii ukumbi ulijaa. Wengine walivaa mashati yao ya flana ya zamani, vifungo vikakataa kufungika matumboni. Muuguzi mmoja kutoka Yakima alituambia kwamba mwaka baba yake alipokufa maji, kaseti ya Halvorsen ndiyo iliyomfanya aamke kila asubuhi. Wakaja pia wasichana watatu wa Tacoma wenye bendi yao, ambao walijifunza kupiga kwa kusikiliza santuri za wazazi wao. Waliniuliza huyo Halvorsen alikuwa nani. Nikawaambia ni jina lililokuwa mlangoni pa karakana ya maboti ambamo bendi ilifanyia mazoezi, na mwenyewe hakuwahi kuwapenda.

Lakini roho yangu haikutulia. Unakumbuka bendi ilivyovunjika, Arvid alipoliambia gazeti kwamba nyimbo zote alitunga yeye, ukiwemo "Maji ya Kahawia", uliofika mpaka Ujerumani. Wimbo ule Marja aliutunga mezani kwa mama yao. Alipolisoma gazeti alibeba besi lake akahamia Spokane, na kwa zaidi ya miaka ishirini ndugu hao hawakusemezana. Hata mama yao alipozikwa walikaa mabenchi tofauti. Nami nikawaalika wote wawili, kila mmoja bila kumtaja mwenzake. Cliff aliniambia, "Darla, unakwenda kuwasha kiberiti kwenye nyumba ya mbao."

Marja alitangulia kufika, akakaa karibu na mlango bila kuvua koti. Arvid alipoingia na kumwona, alikwenda moja kwa moja kwenye birika la kahawa akasimama hapo, mgongo kwetu.

Wasichana wakaanza "Maji ya Kahawia". Hawajafika mbali, Marja akainuka akamwendea mpiga besi wao, binti anayeitwa Noemi.

"Mwanangu, hapo sipo. Legeza uzi mnene zaidi."

"Kwenye kaseti ndivyo ilivyo, mama."

"Kwenye kaseti nilikuwa na mafua."

Kutoka kwenye kahawa sauti ikasema, "Hakuwa na mafua. Alikuwa mkaidi tu."

Marja hakugeuka. "Nani anaongea pale? Yule anayesahau ubeti wa pili kila mara?"

"Ningeukumbukaje? Mwandiko wako kama kuku kapita kwenye tope."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ndipo Noemi, maskini, ambaye hakujua chochote, akamuuliza Arvid, "Samahani, mzee, kwani wimbo huu nani aliutunga? Kwenye jalada kuna jina lako."

Arvid akaweka kikombe chini. "Jalada linadanganya, na mdanganyifu ni mimi. Nilisema uongo, nikaona aibu kuufuta, miaka ikapita. Wimbo ni wa dada yangu. Kama kuna aliyekuja leo kwa ajili ya wimbo huo, amekuja kwa ajili yake."

Marja akautazama mlango, nikadhani ataondoka.

"Umechelewa, Arvid."

"Najua."

"Mama aliniuliza kila Krismasi kama umenipigia simu."

"Najua, Marja."

Akavua koti, akalitundika kwenye kiti. "Haya, njoo uimbe. Watoto wa watu wametoka mbali."

Gayle, sauti ya Arvid imechakaa kama bawaba ya mlango, na nusu ya maneno tulimkumbusha sisi. Lakini besi lilipoingia nililisikia kifuani kama zamani. Muuguzi alilia, mimi nililia, na Cliff, anayeuchukia muziki huo, alikuwa akipiga mguu chini ya kiti. Mpaka leo anakana. Kippy yuko Alaska kwenye boti za samaki, alituma salamu.

Kaburi la mama yako nimelisafisha, na yale maua uliyoyataka nimeyapanda.

Jumanne nilikwenda dukani kununua vitu vya nyumbani. Nikawakuta Arvid na Marja mbele ya meza ya samaki wakibishana jinsi mama yao alivyopika supu, kama alitia maziwa kwanza au viazi. Kumbe Marja hajarudi Spokane. Nilijificha nyuma ya rafu ya makopo nikawasikiliza mpaka aiskrimu yangu ikayeyuka mkononi.

Nisalimie Trevor, nisalimie Bronwyn, na umbusu Tilly kwenye paji lake hilo. Cliff anakusalimu, na Shangazi Ione anasema umwandikie. Mungu akuponye goti, na atukutanishe tukiwa bado na masikio.

Ni mimi binamu yako nikupendaye,

Darla