Vagoneti ya batoto imepita kilima ya pili

Yaya Ferdinandi, kaka yangu mukubwa,

Yambo, yambo mingi sana. Uko namna gani kule? Kifua yako iliacha kukukohoza? Najua, kwa Mungu hakuna kukohoa, lakini miye ndugu yako mudogo siwezi kuanza barua bila kukuuliza afya. Shiye huku tuko bazima, Mungu asifiwe.

Yaya, imetembea! Ile treni mudogo ya batoto, ya kupanda na kushuka vilima, ile ulichora nyuma ya kalendari ya misioni mbele ya kufa, imetembea jana ku kermesi, ile sikukuu ya parokia. Ngoja nikuelezee muzuri. Machozi iko inakuya, lakini ya leo haiko ya huzuni.

Unakumbuka bantu ba kamp ya bafanyakazi banakucheka: "Kule mungodi ya Kambove alisukuma mawe miaka yote, sasa anataka kusukuma na batoto!" Weye unajibu: "Mawe haichekake. Batoto batacheka." Njo ile neno ilinitia nguvu ya kumaliza vilima mbili ya mbao, miye peke yangu na misumari yako.

Padri alikuwa na bwoga. Aliniambia: "Alfonsi, kama inakwama siku ya Mungu, kesho yake, siku ya kwanza ya kazi, tunabomoa. Reli itakuwa nguzo ya kuzungushia lupango ya misioni." Basi juzi, siku ya posho, tukajaribu. Tukajaza mifuko sita ya muchanga, sawa ulikuwa unatujaribishaka vagoneti ya mawe kule mungodi. Ikapita vilima yote mbili, mara tatu. Nikalala na furaha.

Jana, kisha misa, batoto sita bakapanda na nguo zabo nyeupe. Banaume bakavuta kamba: "Eee, vuta!" Juu ya kilima ya kwanza bakaachilia kamba, ikashuka mbio, batoto bakapiga kelele na furaha. Kilima ya pili... ikafika katikati, ikachoka, ikarudia nyuma polepole, ikakwama mu shimo. Muntu moja akasema: "Treni inarudia Kambove!" Bote bakacheka. Padri akaanza kuhesabu reli.

Ah, yaya, shiye bantu ba mungodi! Tunapimaka kila kintu na buzito ya mawe. Batoto sita, hata benye kushiba, haiko mifuko sita ya muchanga: bako bepesi, mbio inaishia katikati.

Njo bibi yako Veronika akatoka kule nyuma. Tangu tulikuzika, hakukanyaga ku feti wala ku sikukuu hata moja, kila siku kitambaa nyeusi ya kilio ku kichwa. Akasema: "Batoto, musongee. Ile buzito yenye inakosa, njo miye." Shangazi yetu, Tantine Modesta, akalalamika: "We mujane! Uko mu kilio!" Akajibu: "Na kilio ipande, tantine, nafasi iko!"

Bantu bakaniangalia, juu unajua, ni shiye jamaa ya bwana njo tunatoshaka kilio, tunamufungulia mujane kitambaa. Tulipanga kuitosha kisha mavuno, na pombe, na bankambo, bazee ba jamaa, bote. Lakini nikaona saa yake imefika. Nikamufungulia kile kitambaa, mbele ya bote, nikasema: "Yaya, tunamuachilia." Mutoto moja akamuachia nafasi; akapanda na batoto tano.

"Eee, vuta!" Kilima ya kwanza, ikashuka. Kilima ya pili, ikapanda, ikapanda, kule juu ikasimama kidogo, na miye niko katikati ya Salamu Maria... Ikashuka upande ingine! Veronika akapiga kelele, kiisha akacheka. Yaya, ile kicheko yake yote, ile unasikiaka toka ku barabara! Nilikuwa nimeisahau.

Kisha pale hakuna muntu alibakia ku kiti. Bamama bakapanga mustari, kila moja anataka kuwa buzito. Ile njo sheria sasa: batoto tano, mama moja. Hata Padri alipanda, kofia mu mikono, alishuka muso mwekundu, akasema: "Alfonsi, inabakia."

Lala muzuri, yaya. Ninakuahidi, mafuta ya magurudumu haitakosa, na Veronika hatakosa muntu wa kumulimia shamba. Utuombee kule.

Unijibu mbio, hata mu ndoto. Ninangojea.

Ndugu yako mudogo,
Alfonsi